Chembe za mkate kwenye siagi, na jinsi nilivyorudi kufurahia chakula bila gluteni

Ilikuwa asubuhi moja, nimefungua kopo la siagi nipake kwenye kiazi cha kuchemsha, nikaona chembe za mkate. Ndogo tu, kama mchanga, zimeganda pale kisu cha mtu kilipopita. Nilibaki nimeshika lile kopo nikilitazama, maana miezi minane nilikuwa nimeacha ngano kabisa, sigusi mkate sigusi keki sigusi tambi, na tumbo bado linanisumbua, damu bado iko chini, daktari ananiuliza una uhakika huli ngano, mimi naapa sili, na kumbe kila asubuhi nilikuwa nakula ngano ya wenzangu kupitia kisu.

Nirudi nyuma kidogo ndo mtanielewa. Miaka mitatu kabla ya kuambiwa nina seliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, inaumiza utumbo, nilikuwa mtu wa kuchoka tu, ule uchovu wa kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala, nywele zinakatika, mdomo una vidonda kwa ndani, tumbo linajaa gesi mpaka jioni sketi haifungi wakati asubuhi ilifunga vizuri. Kila nikipima naambiwa upungufu wa damu, napewa vidonge vya madini ya chuma, nameza miezi mitatu, napima tena, iko pale pale. Daktari mmoja akasema ni stresi. Mwingine akasema ni hedhi. Mwingine akaongeza dozi. Wa nne ndo akauliza swali ambalo mpaka leo namshukuru, akasema mama, hii chuma yote unayomeza inaenda wapi? Maana chuma hufyonzwa zaidi sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo, sasa kama mtu anameza vizuri na bado haiingii mwilini, pengine tatizo haliko kwenye dozi, liko kwenye ukuta wa utumbo wenyewe.

Akanipima damu, kile kipimo cha antibodi, yaani askari wa kinga ya mwili, wanachokiita tTG, ikaja juu sana, halafu nikafanyiwa endoskopi, wakapitisha mrija mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mdogo wakachukua vipande vidogo vya nyama wakaviangalie kwenye hadubini. Jibu likaja: seliaki.

Hapa niseme jambo moja na naomba mlishike kweli, kama unajihisi una shida hii USIACHE ngano kabla ya kupimwa. Najua hamu ya kujaribu ni kubwa, lakini vile vipimo vinaangalia jinsi mwili unavyopambana na gluteni, ukishaiacha wiki kadhaa antibodi zinashuka na utumbo unaanza kupona, majibu yanatoka safi wakati ugonjwa upo. Dada yangu wa tumbo moja alifanya kosa hilo. Aliacha ngano pamoja na mimi kwa kunionea huruma, miezi minne, akajisikia mwepesi mno, alipoenda kupima akaambiwa arudi kula mkate kila siku kwa wiki kadhaa kwanza ndo kipimo kiwe na maana. Zile wiki aliteseka, alikuwa ananipigia usiku analia. Na alipaswa kupimwa mapema kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya familia, kwa ndugu wa karibu, yaani mzazi, mtoto, kaka na dada, uwezekano ni kama mtu mmoja kwa kumi, wakati kwa watu kwa ujumla ni kama mmoja kwa mia. Naye alikuwa nayo.

Kinachotokea ndani ni hivi, mimi nilivyoelewa baada ya kuuliza sana. Ukuta wa utumbo mdogo una vinyuzi vidogo mno, fikiria taulo jipya, zile nyuzi zake zilizosimama, hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye seliaki gluteni ikifika pale, kinga ya mwili inaamka na kuushambulia mwili wenyewe, nyuzi zinalala, zinaisha, taulo linabaki kitambaa kitupu. Unakula vizuri ila chakula kinapita tu. Gluteni yenyewe ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, pamoja na ndugu zote za ngano, spelti, semolina, durumu, bulguri, kuskusi. Na hii si aleji, watu wengi wanachanganya. Hakuna dawa ya kumeza wala sindano ya kutibu, tiba ni kuiondoa gluteni kwenye chakula, maisha yako yote.

Maisha yako yote. Nilipoambiwa hayo maneno nililia kwenye gari, sioni aibu kusema. Mimi ni mtu ninayependa kula, napenda kupika, napenda meza iliyojaa watu.

Kuna kisa cha Uholanzi ambacho kilinisaidia sana kukubali. Daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, alikuwa tayari anashuku mkate hata kabla ya vita vya pili, enzi hizo watoto wenye seliaki walikuwa wanadhoofika mpaka wanakufa na wengine wakilishwa ndizi tu kama tiba. Ikaja ile baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, hasa magharibi mwa nchi, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu, watoto wote wanakonda isipokuwa wale wa seliaki, wao wanapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Baada ya vita akafanya majaribio ya kina, akaandika tasnifu yake 1950. Nikifikiria wale watoto najiona nimezaliwa wakati mzuri, mimi najua adui ni nani, mama zao hawakujua.

Sasa miezi ya kwanza niliiishi vibaya. Nilichofanya ni kutafuta mbadala wa kila kitu nilichopoteza. Mkate wa paketi ulioandikwa bila gluteni, biskuti bila gluteni, keki bila gluteni, naagiza, nalipa mara mbili tatu ya bei ya kawaida, nafungua, nauma, unapasuka mdomoni kama chaki. Nakula huku nalinganisha na ule wa zamani. Kila mlo unakuwa msiba. Na mwili nao ulilalamika, vile vitu vingi vimejaa wanga mtupu na sukari na mafuta, nyuzinyuzi kidogo, nikapata choo kigumu cha kufa mtu na uzito ukapanda kilo saba. Daktari wa lishe aliniuliza unakula nini, nikamtajia, akanyamaza kidogo akaniambia mama, umeacha gluteni lakini hujaanza kula.

Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi, nikasema leo naandika vile ninavyoweza kula badala ya vile nisivyoweza. Mchele. Mahindi. Mtama, uwele, ulezi. Viazi vya kila aina, mihogo, ndizi za kupika. Maharage, dengu, kunde, choroko, njegere. Samaki, kuku, nyama, mayai, maziwa. Karanga, korosho, lozi, ufuta. Kila mboga, kila tunda, kila kiungo kizima unachosaga mwenyewe. Kwinoa, tefu, hata bakwiti ambayo Waingereza wanaiita kwa jina lenye neno ngano ndani yake na wala haina undugu na ngano. Karatasi ilijaa, nikageuza upande wa pili. Nilikaa jikoni sakafuni na ile karatasi nikaisoma mara mbili, nikatambua kuwa vyakula nilivyovipenda tangu utotoni vingi vilikuwa pale pale, havijawahi kuwa na gluteni hata siku moja, mimi ndo nilikuwa nimevipa mgongo nikikimbizana na biskuti.

Kuanzia hapo nikaanza kupika tena. Kwa kweli kupika, kuunga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali, kukaanga viungo mpaka nyumba nzima inukie vizuri, kupika maharage taratibu mchana kutwa. Nikajifunza kuzungusha nafaka, leo mtama kesho mahindi keshokutwa mchele, kwa sababu ukila mchele peke yake kila siku si vizuri, mchele hubeba arseniki, ambayo ni sumu, zaidi kuliko nafaka nyingine, na pia ulimi unachoka.

Lakini sasa hapo ndipo lile kopo la siagi linapoingia. Nakula vizuri, napika vizuri, na bado naumwa. Siku ile nilipoona zile chembe niliamua kukagua jiko lote kama mtu anayetafuta sindano. Tosta, ndani yake kuna makombo ya miaka. Mwiko wa mti wenye nyufa, umekoroga tambi mara mia. Chujio la tambi, vile vitundu vyake ukiviangalia kwenye mwanga unaona utando mweupe haujatoka. Kibao cha kukatia mkate ndicho nilikuwa nakatia nyanya zangu. Jemu, siagi ya karanga, asali, vyote kisu kimepita mkateni kikarudi chupani. Na unga wa ngano wenyewe, mtu akipepeta unga wa keki jikoni vumbi linabaki hewani muda mrefu linatua kila mahali hata kwenye sufuria yako iliyo wazi.

Mume wangu aliniambia, kwa upole kabisa, mke wangu si utoe tu hiyo chembe ule? Sikumlaumu, na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Ila tulikaa tukasoma pamoja. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula. Na kuna utafiti uliochapishwa 2007 wa watafiti wa Italia, watu wenye seliaki walipewa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa siku 90 na hiyo ikatosha kuumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu nzima nzima, yaani miligramu elfu na zaidi. Tukachukua kipande tukakikata nusu, nusu ya nusu, tukaendelea mpaka ikabaki chembe ya kushika kwa kucha mbili. Akaitazama kwenye kiganja chake. Akasema kumbe. Jioni ile ile alinunua tosta ya pili na akabandika utepe mwekundu kwenye siagi yangu, mwiko wangu, chujio langu, na tangu siku hiyo yeye ndo mkali kuliko mimi, mgeni akikaribia kopo lenye utepe mwekundu anasikia sauti kutoka sebuleni.

Na hapa ndo penye jambo langu kubwa. Nilidhani kuwa mkali hivi kutanifanya mfungwa. Imekuwa kinyume. Ile miezi ya kulegeza kidogo, kaonje tu, toa chembe ule, nilikuwa naishi na hofu kila ninapoweka kitu mdomoni, kwa sababu sikuwahi kujua kipi kitanilaza. Jiko lilipokuwa safi kweli kweli, hofu ikaondoka mezani. Nikaanza kula bila kuwaza. Raha ya chakula ilirudi siku nilipoacha kubishana na chembe.

Mwili nao ulijibu, pole pole. Kwa mtu mzima utumbo unaweza kuchukua mwaka, miwili, hata zaidi kupona, kwa hiyo usikate tamaa ukiwa miezi mitatu. Kwangu midomo ilipona kwanza. Halafu usingizi. Chuma ikaanza kupanda kwa vidonge vile vile vilivyokuwa havifanyi kitu. Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni maziwa, nilikuwa nimeshaacha maziwa kwa kuwa yananiharisha, kumbe ile kimeng'enya ya kuvunja sukari ya maziwa inakaa kwenye ncha za zile nyuzi za utumbo, nyuzi zikilala nayo inapotea, zikisimama inarudi. Mwezi wa kumi na nne nikajaribu kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Nikasubiri. Hakuna kitu. Nikapika kingine.

Mkate niliurudia baadaye, nikiwa sina tena njaa nao, na nadhani ndo maana nilifanikiwa. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutumia mbinu za ngano kwenye unga usio ngano. Kwenye ngano gluteni ndo inayovutika kama mpira na kushika hewa ya hamira, ukiiondoa hewa inatoka yote mkate unalala. Kinachosaidia ni maganda ya mbegu za mmea uitwao psiliamu, ukiyatia kwenye maji yanavimba yanakuwa ute mzito, huo ute ndo unashika hewa badala ya gluteni. Mimi natumia unga gramu 400, nusu mchele au mtama na nusu iliyobaki wanga wa viazi na wanga wa muhogo, psiliamu gramu 20, hamira, chumvi, sukari kidogo, mafuta vijiko viwili, na maji kama gramu 420. Pima kwa mizani jamani, vikombe vinadanganya. Usitegemee donge la kukanda, inatoka kama uji mzito wa kubandika kwa mwiko, usiogope usiongeze unga. Inaumuka mara moja tu, kwenye chombo kile kile cha kuokea, halafu oveni muda mrefu kuliko mkate wa kawaida. Na ukitoka USIUKATE. Mkate wangu wa kwanza mzuri niliuharibu hapo, ulitoka umesimama, umepasuka juu vizuri, harufu imejaa nyumba, nikashindwa kuvumilia nikaukata wa moto, ndani unanata kama gundi nikadhani haujaiva. Ulikuwa umeiva, wanga ulikuwa bado haujatulia. Uache upoe kabisa, masaa mawili au zaidi, kisha kata vipande uweke friza, maana kesho yake unakauka.

Kwenye paketi nasoma kila kitu na nasoma kila mara, hata kitu nilichonunua wiki iliyopita, kwa sababu watengenezaji hubadilisha. Soya sosi ya kawaida ina ngano. Vidonge vya supu vingi, soseji, sosi zilizotiwa unga ziwe nzito. Neno malti linatokana na shayiri na linajificha hata kwenye konfleksi ambazo ni mahindi. Bia ya kawaida hapana. Oti zenyewe si ngano lakini mara nyingi zinavunwa na kusagwa pamoja na ngano, tumia zilizothibitishwa tu, na wapo wachache ambao hata hizo safi zinawasumbua. Halafu maandishi ya "bila ngano" hayamaanishi bila gluteni, shayiri inaweza kuwa ndani. Dawa za hospitali muulize mfamasia.

Kula nje ndo shule iliyonichukua muda. Kuna mkahawa mmoja niliuliza hii nyama ina ngano? Kijana akajibu haina, kwa nia njema kabisa. Nikala. Siku tatu nilikuwa kitandani. Kumbe nyama ilipitishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa, na kichwani mwake ngano ni mkate. Tangu hapo siulizi kama ina ngano, nauliza mnaipikaje, kuanzia mwanzo, mnapaka nini, mnakaanga kwenye mafuta gani, hayo mafuta mnakaangia nini kingine. Chipsi ni viazi na chumvi, lakini zikikaangwa kwenye mafuta ya kuku wa unga si zangu tena. Naenda muda ambao hakuna foleni, naongea na mpishi mwenyewe, na nikiona anajibu haraka haraka nashukuru naagiza matunda. Nikipata sehemu wanayoelewa narudi hapo hapo, nawaambia asante kwa sauti.

Kwenye sherehe nakula nyumbani kwanza, nabeba na chombo changu. Hilo lilimuumiza shangazi yangu sana. Yeye ndo anapikia ukoo mzima, kukataa sahani yake ni kama kumkataa yeye. Sherehe ya kwanza aliniona nafungua kibakuli changu kwenye kona akageuza uso. Nilimfuata jikoni, nikamwambia shangazi, mkono wako naupenda na wewe unajua, ila ndani nina kidonda kisichoonekana na ngano ndo inakitonesha. Hakusema kitu, akaendelea kuosha vyombo. Mwezi uliofuata ananiita kwake, nakuta kwenye jiko sufuria mpya kabisa bado ina karatasi ya dukani kwenye mfuniko, mwiko mpya, chumvi kwenye bakuli lake peke yake. Akasema hivi hakuna mtu amegusa, hivi ni vyako vinakaa kwangu. Nilikula sahani mbili za wali na samaki mle jikoni kwake nimesimama.

Sasa hivi akienda dukani ananipigia. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo anamwomba kijana wa duka amsomee, yeye ananirudishia kwenye simu neno kwa neno, watu wanampita pembeni nasikia. Jana alikuwa ameshika sosi fulani.

"Inasema maji, chumvi, nyanya, siki ya ma... malti. Hiyo vipi?"

"Hiyo hapana shangazi."

"Haya, narudisha. Usikate, kuna nyingine hapa."